Kamera za mtumba: Bodi hushuka bei, lenzi hubaki

Mwaka 2010 viwanda vilivyo chini ya CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japan, vilipeleka sokoni kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani kote. Mwaka 2023 idadi hiyo haikufika milioni 8. Simu za mkononi zilizimeza kamera ndogo za mfukoni, na kilichobaki ni soko dogo la watu wanaoitaka kamera kwa kuwa wanaipenda kazi yenyewe: mwalimu anayepiga picha za ndege wakati wa likizo, karani anayekwenda ufukweni Jumapili na kamera begani, kijana anayejifunzia kwa wadogo zake. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au wa katikati ya jiji la Nairobi, hawa na wapiga picha za harusi ndio wateja waliosalia. Fedha yao si nyingi, na namna wanavyoshauriwa kuitumia inastahili kutazamwa upya.

Mazoea ya kaunta ni kumuuzia mteja bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kwa kumsomea idadi ya megapikseli, kisha kumwongezea lenzi yoyote iliyokuja ndani ya boksi. Ni biashara rahisi, kwani namba kubwa hujiuza yenyewe. Lakini kwa mnunuzi mwenye mfuko mdogo ni sawa na kujenga nyumba kwa kuanzia paa, na kwa mfanyabiashara mwenye shehena ya bodi ni kufunga mtaji katika bidhaa inayoozea kabatini.

Chukua mfano wa Canon EOS 5D Mark II. Ilipotangazwa mwaka 2008, bodi yake peke yake iliuzwa dola 2,699 za Marekani. Leo bodi hiyo ikiwa nzima hupatikana katika soko la mtumba kwa chini ya sehemu ya tano ya bei hiyo. Haikuharibika, wala picha zake hazikuwa mbaya ghafla. Imepitwa tu na zilizoifuata. Kwa upande mwingine lenzi ndogo ya Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyoingia sokoni mwaka 2015 kwa dola 125 hivi, ikiwa safi bado huuzwa mtumba kwa zaidi ya nusu ya bei yake ya mwanzo. Kwa lugha ya sokoni, bodi ni nyanya na lenzi ni mchele. Zote ni biashara halali, ila hakuna mtu mwenye akili timamu anayejaza ghala nyanya akisubiri bei ipande.

Sababu ya tofauti hiyo ni mdomo wa kamera, ile pete ya chuma au plastiki ambapo lenzi hufungwa. Mdomo wa EF wa Canon ulianza mwaka 1987, wakati picha zote zilikuwa za filamu, na lenzi ya mwaka huo huingia na kufanya kazi kwenye kamera ya DSLR ya Canon iliyotengenezwa mwaka 2020. Nikon ilianza na mdomo wake wa F mwaka 1959. Wazee wa studio wanaoikumbuka Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, watafurahi kusikia kwamba lenzi zake hufungika hata kwenye kamera za dijitali za Pentax, ingawa fokasi itabidi izungushwe kwa mkono. Bodi hubadilika kila baada ya miaka michache, lakini lenzi huhama kutoka bodi moja hadi nyingine. Kwa hiyo anayenunua kamera ya kwanza ananunua mdomo, ajue asijue.

Hivi sasa soko lipo upande wa mnunuzi. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilileta midomo mipya, RF na Z, kwa ajili ya kamera zisizo na kioo ndani. Kufikia mwaka 2020 kamera hizo zisizo na kioo zilikuwa zimezipita DSLR kwa idadi inayotoka viwandani. Desemba 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri kwamba EOS-1D X Mark III ya mwaka 2020 ndiyo ingekuwa DSLR ya mwisho ya daraja la juu kabisa kutoka kampuni hiyo. Wenye fedha wa Ulaya, Marekani na Japan wakabadilisha vifaa, na vya zamani vikamiminika katika soko la mtumba. Hapo ndipo mpiga picha wa kujifurahisha anapopata nafasi ambayo baba yake hakuipata. Hapo pia ndipo mfanyabiashara anapopaswa kuwa na hadhari: bodi ya DSLR iliyolala kabatini miezi sita itatoka kwa bei ndogo kuliko iliyoingilia.

Je, ni lenzi gani ya kununua? Namba ya kutazama ni ile inayoandikwa na herufi f, inayoeleza ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya kawaida ya boksini, 18-55mm, ikivutwa hadi mwisho hufika f/5.6. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa nchi ambazo jua huzama mapema saa moja na giza kuingia mara moja, na ambako sherehe nyingi hufanyika usiku chini ya taa hafifu, mara kumi si jambo dogo. Ndiyo tofauti kati ya picha ya bibi harusi na picha ya kivuli chake. Hakuna idadi ya megapikseli inayoweza kuleta mwanga ambao lenzi haikuupitisha.

Hata hivyo lenzi ya 50mm, ambayo kila kitabu cha wanaoanza huisifu, ina kasoro inayofichwa. Bodi za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko kipande cha filamu, na kwenye Canon za aina hiyo 50mm huona kama 80mm. Nje inapendeza kwa picha za watu. Ndani ya sebule ya vyumba viwili huko Mbagala au Kayole, mpiga picha atarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado shangazi mmoja atakatwa. Kwa mwenye nafasi ya kununua lenzi moja tu, Canon EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014 au Nikon AF-S DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009 zinafaa zaidi kwa maisha ya kila siku. Zote zilitoka kwa bei isiyozidi dola 200.

Si haki kuitupa lenzi ya 18-55mm. Mchana kweupe inatoa picha safi, na matoleo mengi yana mtambo wa kuzuia mtikisiko wa mkono. Inayostahili lawama ni ndugu yake anayefuatana naye katika seti ya lenzi mbili, Canon EF 75-300mm. Toleo la tatu la lenzi hiyo ni la mwaka 1999, halina mtambo wa kuzuia mtikisiko, na likivutwa hadi mwisho picha hulainika kama iliyopigwa nyuma ya chandarua. Mnunuzi huona namba 300 akadhani amepata dhahabu. Lenzi ya EF-S 55-250mm IS STM ya mwaka 2013 inavuta kidogo pungufu, lakini inaishinda kwa kila kipimo kinachomhusu mpiga picha. Ajabu ni kwamba mwaka 2025 Canon iliirudisha 75-300mm sokoni kwa mdomo wa RF, ikiwa na muundo uleule wa vioo. Namba 300 bado inauza.

Upande wa Nikon kuna mtego wa aina nyingine, nao ndio unaoleta ugomvi mwingi kati ya muuzaji na mteja. Bodi ndogo za Nikon, kuanzia D40 ya mwaka 2006 na familia zote za D3000 na D5000, hazina mota ya kuzungusha fokasi. Mota inatakiwa iwe ndani ya lenzi. Lenzi za zamani zenye alama AF-D, zikiwemo 50mm f/1.8D zinazouzwa kwa bei ya kuvutia sana, hazina mota. Mteja akiifunga kwenye D3200 lenzi hukaa kimya, naye huamini ameuziwa mbovu. Si mbovu: kwenye D90 au D7000, zenye mota ndani ya bodi, ingefanya kazi vizuri. Mtego unageuka pia upande wa pili, kwani lenzi mpya zaidi zenye alama AF-P hazielewani na bodi za zamani kama D90 na D3000. Dawa ni kuomba lenzi zenye alama AF-S, na kuijaribu lenzi kwenye bodi ileile itakayotumika kabla fedha haijabadilisha mikono. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo ana sababu zake.

Kwa Canon alama ni rahisi zaidi. Lenzi za EF zina kitone chekundu kwenye pete na huingia kwenye DSLR zake zote. Lenzi za EF-S zina kimraba cheupe na huingia kwenye bodi zenye kihisi kidogo tu. Anayeota kununua 5D siku moja asijaze begi vimraba vyeupe.

Ipo bidhaa nyingine inayostahili kuogopwa kabisa, nayo ni mdomo yatima. Samsung ilijitoa katika kamera zake za NX. Nikon iliachana na mfumo wa Nikon 1 mwaka 2018, Sony ikafunga mdomo wake wa A mwaka 2021, na mdomo wa EF-M wa Canon ulifikia mwisho mwaka 2023. Bodi za mifumo hiyo huletwa kwa bei ya kutupa, tena nyingine ni nzuri machoni na nyepesi mkononi. Anayezinunua pamoja na lenzi zote anazozihitaji, akijua hakuna nyingine zitakazotengenezwa na viwanda hivyo, hana kosa. Anayenunua bodi leo akitumaini kutafuta lenzi baadaye atazunguka sana.

Wapo wanaosema kwamba kununua DSLR leo ni kununua kaburi, na kwamba heri kukopa kidogo upate kamera mpya isiyo na kioo. Hoja ina uzito kwa anayefanya video au kazi ya kulipwa. Kwa mpiga picha wa Jumapili uzito wake ni mdogo. Canon R100 ya mwaka 2023 ilitoka kwa dola 480 hivi bila lenzi, na RF 50mm f/1.8 ilitoka kwa dola 200, wakati ndugu yake wa EF ilitoka kwa 125. Bei za lenzi hufuata ushindani. Sony iliwapa watengenezaji wengine maelezo ya mdomo wake wa E mwaka 2011, na leo mwenye Sony a6000 ya mwaka 2014 anachagua kati ya lenzi za Sigma, Tamron na za viwanda vya China. Canon ilibana mdomo wa RF hadi mwaka 2024, Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi zao za kwanza. Aidha, lenzi za EF hufanya kazi vizuri kwenye bodi za RF kwa adapta, kwa hiyo aliyewekeza katika lenzi hizo hajafungiwa njia. Mwenye Nikon aelewe kwamba adapta ya FTZ haina mota, na AF-D zitabaki kimya vilevile.

Mgawanyo wa busara kwa anayeanza ni bodi isizidi nusu ya fedha yote, na nusu inayobaki iende kwenye lenzi. Bodi ya megapikseli 18 au 24 inatosha kuchapa picha ya kutundika ukutani.

Kuhusu ukaguzi, adui mkubwa wa pwani ni fangasi. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huotesha nyuzi nyembamba kama utando wa buibui kati ya vioo, na zikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Zikifika hapo, kusafisha hakurudishi kitu. Mnunuzi aje na tochi, amulike upande mmoja wa lenzi na atazame upande wa pili. Vumbi kidogo halina neno. Duka linalohifadhi lenzi ndani ya mifuko ya ngozi iliyofungwa linaharibu mali yake lenyewe; kasha la plastiki lisilopitisha hewa na pakiti za kukausha unyevu ni gharama ndogo kuliko lenzi moja iliyokataliwa.

Kwenye bodi cha kuulizwa ni shata imefyatuliwa mara ngapi. Nikon iliipima shata ya D3200 kwa mara 100,000 na ya D7000 kwa mara 150,000, na hesabu yake huandikwa ndani ya faili la picha, hivyo kompyuta huisoma kwa dakika moja. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, na inahitajika programu maalumu. Muuzaji anayeisoma hesabu hiyo mwenyewe na kuibandika kwenye boksi ataweza kudai bei nzuri kuliko jirani yake anayeapa tu kwamba kamera ilikuwa ya daktari na haikutumika.

La mwisho la kuulizia kabla ya kulipa ni betri na chaja. Betri ya LP-E8 huingia kwenye Canon 550D hadi 700D, na LP-E10 kwenye 1100D, 1200D, 1300D na 2000D. EN-EL14 ni ya Nikon D3100 hadi D3500. Bodi inayotumia betri isiyopatikana mjini ishushwe bei kwa kiasi cha nauli ya kuifuata Dubai.