Tuuimbe Mwaridi, si Waridi Pekee

Malenga wenzangu, Kiswahili kina desturi nzuri ya kutenganisha mti na kile kitokacho mtini. Mwembe si embe, mnazi si nazi, mkarafuu si karafuu. Mti huingia katika ngeli ya M-MI, na tunda au ua hushika ngeli nyingine. Kwa kanuni hiyo hiyo ua ni waridi, na mti wake ni mwaridi. Hata hivyo, katika mashairi ya mapenzi tunayosomeana siku hizi, waridi limejaa tele na mwaridi hauonekani. Mpenzi ni waridi, shavu ni waridi, midomo ni waridi. Mti uliolizaa ua hilo hauna hata kipande kimoja cha mshororo. Nimesikia hata watu wa lugha wakisema “mti wa mawaridi”, utadhani Kiswahili hakina jina lake.

Naona hasara katika hilo, na ningependa tuijadili kwa kuutazama mti mmoja hasa: mwaridi ule mfupi upandwao bustanini ili utande chini na kufunika udongo.

Sababu ya kuusahau mwaridi haiko mbali. Jina la waridi tumelipokea kutoka Kiarabu, na kwa wengi wa pwani harufu ilitangulia ua lenyewe: marashi yaliyonyunyizwa kwa mrashi harusini na katika maulidi. Kule Oman, katika milima ya Jabal Akhdar, mawaridi huchumwa asubuhi mapema karibu na mwezi wa Aprili, kisha hutiwa vyunguni yakachemshwa mpaka mvuke wake ugeuke marashi. Kinachofika mkononi ni chupa, bila tawi wala jani. Leo waridi lina njia nyingine. Huko Naivasha hukatwa, hufungwa mashada, na hurushwa kwa ndege hadi Uholanzi na kwingineko. Mnunuzi hupata ua na kikonyo kirefu. Mzizi umebaki Kenya.

Mshairi aliyelijua waridi kwa chupa au kwa shada hana lawama kubwa akiliimba ua peke yake. Lakini sitiari yake imebaki na kazi moja tu, nayo ni uzuri unaochumwa, unaonuswa, kisha unanyauka. Kazi hiyo imerudiwa mara nyingi hata msomaji huukisia ubeti wa tatu kabla hajaumaliza wa kwanza.

Mwaridi utandao chini haukubali kazi hiyo. Maua yake ni madogo, huja kwa vishada juu ya vikonyo vifupi, na ukilichuma moja halikufai kwa chombo wala kwa zawadi. Uzuri wake umo katika mti mzima: matawi yanayoenda upande zaidi ya mita moja huku kimo chake kikiwa baina ya sentimita 30 na 80, majani yanayong’aa, na udongo uliofichwa usipigwe moja kwa moja na jua wala matone ya mvua. Miongoni mwa wahenga wa miti ya namna hii umo mwaridi wa porini wa Japani, Korea na mashariki ya China, uitwao na wataalamu Rosa wichurana kwa kumkumbuka Mjerumani Max Wichura. Mwaka 1968 Mjapani Toru Onodera alitoa aina aliyoiita Nozomi, yaani tumaini. Katika miaka ya 1980 Mjerumani Werner Noack akatoa ile inayouzwa kwa jina la Flower Carpet, yaani zulia la maua.

Sisi tuuite nani? Wapo wasemao “waridi la kufunika ardhi”. Hiyo ni tafsiri iliyovaa kanzu ya kuazima, tena imerudi kwenye ua ilhali kinachofunika ni mti. Wengine husema “mwaridi mtambaazi”, na hapo tumekaribia. Lakini kutambaa na kutanda si kitendo kimoja. Kitambaacho huhama: nyoka hutambaa, mtoto hutambaa, na mmea wa viazi vitamu hutambaa ukitia mizizi kila unapogusa. Kitandacho hubaki na shina lake kikaenea juu ya vingine, kama wingu au giza. Rosa wichurana hutambaa kweli, maana tawi lake likilala udongoni laweza kutoa mizizi hapo hapo. Miwaridi mingi ya bustani haifanyi hivyo; hutanda kutoka shina moja. Kama kuchakaa kumetupa -chakavu, na kupotea kumetupa -potevu, basi kutandaa kutupe -tandavu. Mimi napendekeza mwaridi mtandavu, na wingi wake miwaridi mitandavu. Mwenye neno bora zaidi na alilete.

Sasa tuutunze, maana hapo ndipo mshairi atakapookota mali. Kabla ya kupanda, magugu yote yang’olewe pamoja na mizizi yake. Matawi yakishatanda, palizi yake ni mikono iliyochanika. Mche huwa mdogo, nao humdanganya mpandaji akausonga. Uachiwe nafasi ya karibu mita moja kutoka mche hadi mche. Upate jua la saa sita kwa siku au zaidi. Umwagiliwe asubuhi, shinani, kwa kuwa majani yanayolala na maji huukaribisha ukungu wa madoa meusi. Udongo ulio wazi uwekewe matandazo ya nyasi kavu au majani makavu mpaka mti uwe tandazo lake wenyewe. Mara moja kwa mwaka upogolewe kwa kiasi cha theluthi, ili machipukizi mapya yaje na tumba mpya. Katika nyanda za baridi kama Lushoto, Arusha na Limuru, aina zirudiazo kuchanua hazina kipupwe cha theluji cha kuzilaza, nazo huweza kutoa maua kwa muda mrefu wa mwaka. Pwani joto na unyevu huzitaabisha, na huko asumini angali bibi wa kitongoji.

Angalieni yaliyomo katika aya hiyo moja. Kuna palizi inayotangulia kilimo cha mapenzi, kwa kuwa ikichelewa itadai damu. Kuna nafasi inayoonekana kuwa upweke leo, kumbe ni heshima ya ukubwa wa kesho. Kuna mkasi unaokata ili kuchanuza. Hakuna hata moja kati ya hayo uwezalo kulipata katika ua lililofungwa shadani.

Hata miba, tuliyoizoea mno, ina jambo jipya. Mwiba wa mlimau ni tawi lililogeuka. Umetoka katika mti wenyewe. Mwiba wa mwaridi ni mmea wa ngozi tu: usukume kwa kidole gumba upande mmoja, nao utabanduka na kuacha alama safi. Anayeimba kwamba mpenzi wake ana miba basi aamue ni ya mti gani. Ukali wa ngozi huondoka ukisukumwa kwa subira. Ukali wa mti hauondoki bila msumeno.

Najua watakaosema kwamba ushairi si somo la kilimo, na kwamba sitiari haina haja ya kupimiwa udongo. Nawajibu kwamba sitiari hula kwa kitu inachokitaja; kitu kikijulikana nusu, sitiari hushiba nusu. Wengine watasema waridi ni la kigeni, tuna asumini, kilua na mkadi. Ni kweli, na hayo nayo yaimbwe. Lakini neno lililokwisha kuzaa mti wake katika ngeli zetu limekwisha kuwa mwenyeji.

Na asitokee wa kusingizia arudhi. Waridi lina mizani tatu, wa-ri-di. Mwaridi una mizani tatu, mwa-ri-di. Kina ni kile kile, di kwa di. Popote waridi lilipokaa katika mshororo, mwaridi unaweza kukaa bila kutikisa kitu ila upatanisho wa ngeli, na huo ni kazi ya kila siku ya mtunzi. Hata jina refu halishindikani: “mwaridi ni mtandavu” ni kipande kamili cha mizani nane, kinamngoja mwenye kukifuatisha.

Basi nawaomba malenga, wa pwani na wa bara, mjaribu utungo wa beti tano ambamo hakuna ua linalochumwa. Mna mti ulio chini, usioombwa na mtu, na udongo uliosalimika kwa kufunikwa nao. Mkishautunga, leteni tuusome.