Kinga ni ya Kazi, Si ya Mtu

Katika komini yetu ya Kabondo twasikia neno hili kila mara: "Mkubwa hashtakiwi." Wengine hulisema kwa hasira, wengi kwa kukata tamaa. Sisi twasema: neno hili ni la uwongo, tena ni la hatari.

Tufikiri kwanza kinga ni kitu gani. Mbunge asikamatwe kwa maneno aliyosema bungeni: hiyo ni haki, na kifungu cha 107 cha Katiba ya 2006 chamlinda. Waziri naye asivutwe kortini kila siku na adui zake hata ashindwe kufanya kazi. Kwa hiyo kifungu cha 166 chataka Bunge lipige kura kwanza. Ukuta huo umejengwa kulinda kazi. Haukujengwa ili mwizi ajifiche nyuma yake.

Mfano tunao, tena ni wa mji wetu. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana Kisangani siku sita. Raia wengi walikufa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na mfuko wa FRIVAO ukapewa kazi ya kuwalipa waliodhurika. Kisha dola zaidi ya milioni 19 za fidia hiyo zikatolewa, eti kwa kujenga gereza Kisangani. Juni 2025 Bunge lilikubali Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, ashtakiwe. Yeye alikana kosa, akajiuzulu. Tarehe 2 Septemba 2025 Korti ya Kasasio, Kinshasa, ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu.

Basi, mkubwa hashtakiwi? Ameshtakiwa!

Hata hivyo tusishangilie upesi. Mlango wa korti ulifunguliwa na wabunge, si na mjane wa vita. Kama wasingepiga kura, mjane angefanya nini? Tena kumfunga mtu si kulipa deni: aliyebomolewa nyumba haezeki kwa karatasi ya hukumu.

Pengine mtu atasema: "Tukiwashtaki wakubwa, nani atakubali kutumikia?" Twajibu: mtu mwaminifu atakubali. Aliyekosa kwa nia njema, mahali sheria haiko wazi, aachiliwe. Lakini nani asiyejua kwamba fidia ni mali ya waliodhurika? Wala mdogo asiseme, "Niliagizwa." Kifungu cha 28 chasema hakuna anayelazimika kutii amri iliyo wazi kuwa kinyume cha sheria.

Kwa hiyo twadai sheria impe aliyedhurika njia yake mwenyewe ya kudai malipo, asingoje kura ya wabunge. Nasi tutunze hati zetu, tuandike majina na tarehe, tuulize hesabu bila matusi na bila woga. Na neno lile tuliache kabisa. Anayesema "Mkubwa hashtakiwi" amempa mkubwa kinga ambayo hata Katiba haikumpa.