Nyaya kuukuu zawatia tumbojoto wanavijiji Uingereza

UINGEREZA imepanga kuzima mtandao wake wa kale wa simu za waya Januari 2027. Makataa ya awali, Desemba 2025, yaliahirishwa ili kuwalinda wanyonge. Kwa kuwa simu za nyumbani zitapitia intaneti, wakazi wa mashambani wanajiuliza: je, nyaya za shaba zilizotandazwa kubeba sauti zitamudu mzigo huo?

Jibu huanzia nyumbani. Soketi kuu nyingi za simu zina tundu la majaribio nyuma ya kifuniko, linalotenga nyaya za ndani. Modemu ikichomekwa hapo na kasi ikapanda, kasoro imo chumbani. Mara nyingi ni waya wa kengele usiohitajika tena, unaonasa mawimbi ya redio. Fundi huuondoa, kazi ikaisha.

Kasi isipobadilika, huenda tatizo ni umbali. Mawimbi hufifia kadiri waya unavyorefuka. Ukizidi kilomita tano hivi kutoka kituo cha simu, intaneti husuasua au hukosekana.

Tangu Machi 2020, wasiofikiwa wana haki ya kudai megabiti 10 kwa sekunde. Lakini gharama ikizidi pauni 3,400, ziada humwangukia mwenye nyumba.

Hapo ndipo penye utata. Anayeishi mbali zaidi ndiye ghali zaidi kufikiwa. Akiwa mzee anayeitegemea simu kumwita daktari, waya usiopimwa mapema unaweza kumgharimu maisha.