Kabla ya kumlipia kijana kozi ya umeme, uliza kibali

Wazazi wengi wanaovuka Petite Barrière kila asubuhi wanasomesha watoto kwa faida ya nyanya, samaki na vitenge. Ufundi umeme ni chaguo zuri, kwa kuwa Gisenyi na Goma zote zina nyumba, mashine za kusaga na majokofu yanayohitaji nyaya salama. Kasoro iko katika namna tunavyochagua kozi. Tunauliza ada ni kiasi gani na masomo yataisha lini. Swali la kwanza lingekuwa: cheti hiki kitamfikisha kijana kwenye kibali cha kazi?

Nchini Rwanda, kibali cha kufunga umeme kwenye majengo hutolewa na RURA. Kenya hutolewa na EPRA, Tanzania na EWURA, Uganda na ERA. Vibali hivyo vina madaraja. Anayeruhusiwa kufunga umeme wa nyumba ya kawaida si lazima aruhusiwe kufunga wa kiwanda. Kijana anaweza kutoka kwenye kozi fupi akijua kufunga soketi na taa, lakini asiwe na karatasi ya kuombea kibali. Huyo atabaki kibarua wa mwenye kibali, hata akiwa na mikono mizuri kuliko bosi wake.

Wapo wanaosema fundi hufundishwa na kazi, si darasa. Ni kweli nusu. Uzoefu humfundisha kupitisha waya haraka. Haumfundishi kukokotoa unene wa waya unaofaa mzigo wa jokofu, wala kupima kama waya wa ardhini unafanya kazi. Kosa la namna hiyo hujificha ukutani hadi siku stoo inapoungua na mali yote ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, hakikisha chuo kinatambuliwa na Bodi ya Mafunzo ya Ufundi ya Rwanda (RTB), na kwa Goma ulizia INPP. Omba kuona karakana: wanafunzi wangapi wanagawana kifaa kimoja cha kupimia? Uliza ni nani atakayempokea kijana kwa mazoezi kazini. Mwisho, nenda na jina la cheti hicho kwa watoa vibali, uwaulize kinaruhusu daraja gani.

Lakini mzazi peke yake hawezi kumaliza tatizo hili. Soketi za Kenya na Uganda zina matundu matatu bapa, zetu zina ya mviringo, na wauza adapta wanalijua hilo. Umeme wenyewe, hata hivyo, ni wa volti 220 hadi 240 kote, na hatari yake ni ile ile. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na wahandisi, wasanifu majengo na wahasibu wana makubaliano ya kutambuliana. Congo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Fundi umeme, ambaye nyumba za watu wa kawaida zinamtegemea zaidi, anastahili makubaliano kama hayo.

Nyanya ya Rubavu huliwa Goma bila kuulizwa ilisomea wapi. Fundi lazima aulizwe, ila akishajibu vizuri upande mmoja, asianze upya upande wa pili.