TAHARIRI: Usichokore mipangilio ya kompyuta bila nakala

Laptopu yako ya mtumba imeanza kuwa nzito. Unaingia mtandaoni, unapata video ya dakika tatu: andika 'regedit', futa hiki, badilisha kile, mashine itapaa. Unafuata. Ukiiwasha tena, skrini ni nyeusi na kazi ya kuwasilisha Jumatatu imekwama humo ndani. Fundi anakuambia dawa ni kuformati tu.

Ulichogusa ni Rejistri, hifadhidata ambamo Windows huweka mipangilio yake: programu zipi zianze ukiwasha mashine, printa iendeshwe vipi, akaunti za watumiaji, hata picha uliyoweka kwenye skrini. Ilianza na Windows 3.1 mwaka 1992, ikapanuliwa katika Windows 95. Ukibadilisha kitu kwenye regedit, kinabadilika papo hapo. Hakuna kitufe cha kuhifadhi wala cha kughairi.

Wengi wetu tunadhani Windows inajiwekea nakala yenyewe. Zamani ilifanya hivyo kimyakimya, katika folda iitwayo RegBack. Lakini tangu Windows 10 toleo la 1803, la mwaka 2018, Microsoft ilizima utaratibu huo ili mfumo utumie nafasi ndogo kwenye diski. Usipojiwekea nakala, usitarajie kuipata hapo.

Na kujiwekea si kazi ngumu. Kwanza, andika 'Create a restore point' kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Chagua diski C, bofya 'Configure' uwashe ulinzi wa mfumo kama umezimwa, kisha bofya 'Create'. Hapo Rejistri nzima inawekewa nakala pamoja na mafaili muhimu ya mfumo. Mashine ikikataa kuwaka, unaweza kurudi kwenye hali hiyo kupitia menyu ya ukarabati ya Windows.

Pili, kabla ya kugusa sehemu yoyote ndani ya regedit, ichague, bofya 'File' halafu 'Export', uhifadhi faili hiyo. Lakini elewa mpaka wake: ukiirudisha, inarejesha vilivyofutwa au kubadilishwa, ila haiondoi vipya vilivyoongezwa baadaye. Ndiyo maana haitoshi peke yake.

Tatu, hatua hizi mbili hulinda mipangilio, si kazi zako. Picha, CV na insha ziweke kwenye flashi au mtandaoni.

Msimamo wetu ni huu: achana na programu zinazoahidi 'kusafisha' Rejistri. Microsoft yenyewe imesema haiungi mkono matumizi yake. Mara nyingi mashine huwa nzito kwa sababu ya RAM ndogo, diski kuukuu au programu kumi zinazoamka pamoja nayo. Anza na hizo. Bofya Ctrl, Shift na Esc, nenda sehemu ya 'Startup', uzime usizohitaji. Hiyo haigharimu kitu, na ukikosea unaiwasha tena.

Na kama lazima uguse Rejistri, sawa, jifunze, ni mashine yako. Ila dakika tano za kuweka nakala zitangulie. Yule wa kwenye video hatakuwepo Jumatatu asubuhi mwalimu akiuliza kazi yako iko wapi.