Jioni ya Fundi Ina Wenyewe

Barabara itokayo Uyole kwenda mpaka wa Kasumulu hukatiza Wilaya ya Rungwe, na kutoka Tukuyu, palipo na mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, huteremka hata ikakaribia Ziwa Nyasa, palipo na mita pungufu ya 500. Mteremko huo wote hubebwa na breki. Na kwa kuwa mvua katika sehemu nyingi za wilaya hii hupita milimita 2,000 kwa mwaka, njia za udongo ziendazo vijijini, za Masukulu zikiwamo, hugeuka tope na utelezi unaovunja springi, unaokata bushi na unaokula klachi za magari ambayo aghalabu yalikwisha kutumika miaka mingi Japani kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo fundi wa magari katika sehemu hii hakosi kazi. Ninalotaka kulisema leo ni kwamba kazi hiyo, yenye heshima na riziki ya halali, humjia katika saa ambazo ni haki ya mke wake na watoto wake, na kwamba dhuluma hiyo imeletwa na mazoea ambayo wenye magari na mafundi wenyewe wana uwezo wa kuyavunja wakinuia.

Tazama jinsi saa hizo zinavyopotea. Noah ya abiria au bodaboda hutumika tangu alfajiri mpaka magharibi, kwa kuwa dereva amepangiwa hesabu na mwenye chombo, na hesabu hiyo haijui udhuru. Chombo kikianza kulia saa nne ya asubuhi, dereva hukivumilia hata jioni. Kikimshinda kabisa, ndipo kinapoburutwa mpaka gereji, na sharti linalofuatana nacho ni moja tu, kwamba kesho alfajiri kiwe barabarani. Na kikiharibika mchana, fundi hukifungua, akaitambua kasoro, akaagiza spea Tukuyu, na isipopatikana Tukuyu ikaagizwa Mbeya, ikambidi akae kando ya gari lililo wazi akingoja kifurushi kilichopakiwa katika gari la abiria, ambacho humfikia jua likiwa limekwisha kutua. Mchana wake umepita bila kazi wala raha, maana hawezi kuliacha gari la watu wazi akaenda zake nyumbani. Na usiku wake utapita kwa mwanga wa tochi ya simu. Mke akiuliza baba watoto alikuwa wapi kutwa nzima, jibu la kweli, kwamba nusu ya siku alikuwa akingoja beringi, husikika masikioni mwa mtu aliyechoka kama kisingizio.

Mwajiriwa anayo sheria ya kumlinda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 kuwa kikomo cha kawaida cha kazi kwa juma, ikampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, na ikamruhusu baba aliyepata mtoto kupumzika kwa malipo siku zisizopungua 3. Siku tatu ni akali kwa neema kubwa kama hiyo. Lakini fundi wa gereji bubu, aliyepanga spana zake chini ya mparachichi, hana wa kumwomba hata hizo. Mwajiri na mwajiriwa ni yeye mmoja, na asipojiwekea mwenyewe saa ya kufunga, hakuna afisa wa kazi atakayekuja kumfungia.

Kisha kuna msimu, na hapa ndipo mzigo unapokuwa mzito kuliko wanaume wengi wanavyokubali kukiri. Chai ya Rungwe huchipua kwa wingi wakati wa mvua, na jani likishapita umri wake hukataliwa na mnunuzi. Mvua hiyo hiyo ndiyo huita mahindi na maharage ardhini, na ndiyo hiyo hiyo inayojaza magari mabovu gerejini. Basi katika miezi ile ile ambayo nyumba inahitaji mikono zaidi shambani, mikono ya baba imezama katika oili, na anayeziba pengo lile ni mama, ambaye huamka usiku ungali mzito, akachuma chai, akarudi kukata ndizi, akapika, akaogesha watoto, na mwisho wa hayo yote akafua bwelasuti lililoganda grisi. Nimewasikia watu wakisema kwamba hiyo ni desturi ya mwanamke na hana la kulalamikia. Mimi nasema ni deni, na deni hulipwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamwajibisha mume kumtunza mkewe, lakini mume asidhani kwamba fedha aliyoiweka juu ya meza imemaliza faradhi yake, kwa maana mtoto aliyelala kabla baba hajarudi, na kuamka baba amekwisha kuondoka, hawezi kumjua baba yake kwa noti alizoziacha. Na wako siku hizi wanawake waliojifunza ufundi wa magari katika vyuo vya VETA. Fundi wa namna hiyo, arudipo nyumbani usiku, aghalabu hukuta jiko linamngoja. Ikiwa mwanamume anastahili kurudishiwa jioni yake, mwanamke huyu anastahili mara mbili.

Dawa iko wapi? Naiona karibu sana. Wanyakyusa wa zamani, wenyeji wa Rungwe, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Monica Wilson katika kitabu chake *Good Company* cha mwaka 1951, kilichotokana na utafiti alioufanya huko pamoja na mumewe katika miaka ya 1930, walikuwa na desturi ya vijana wa rika moja kujenga kijiji chao wenyewe, wakikaa pamoja tangu utotoni hata uzeeni. Lakini wavulana wale, kabla ya kuoa, waliendelea kulima mashamba ya baba zao, na walikwenda kwa makundi kula katika nyumba za mama zao. Urafiki wa rika haukuvunja nyumba; uliizunguka. Gereji ya leo ni kijiji cha rika: mafundi wanne au watano huazimana jeki, huitana kushusha injini, hula pamoja mchana, huzikana na kuchangiana harusi. Ajabu ni kwamba watu walioweza kushirikiana spana hawajashirikiana usiku.

Basi wapeane zamu. Usiku wa leo awepo mmoja na mwanagenzi wake, na wengine wafunge saa kumi na mbili. Kesho awe mwingine. Najua hofu iliyopo, kwamba mteja akihudumiwa na mwenzako mara moja hatarudi kwako tena. Na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu riziki ni nyembamba. Dawa yake ni daftari: gari liandikwe kwa jina la fundi aliyelipokea, na kazi iliyofanyika usiku, na mgawo wa kila mmoja katika ujira, mbele ya wote. Fundi asiyeandika hudhulumiwa na kumbukumbu za watu, na hujidhulumu mwenyewe, maana hawezi kujua kama usiku ule aliowanyima watoto wake ulimwingizia faida au ulikwenda kulipia tu mikopo ya spea.

Wengine hunijibu kwamba wao huwachukua watoto wao gerejini, na hivyo hukaa nao. Nawasifu, maana maarifa mengi ya ufundi hupita kutoka jicho hadi mkono, na mtoto aliyemwona baba yake akitambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza tu humheshimu kwa heshima isiyofundishwa kwa maneno. Lakini iwe Jumamosi au likizo. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hata kidato cha nne katika shule za serikali haina ada, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanyishwa kazi. Mtoto wa darasa la tatu anayeosha vipuri kwa petroli siku ya Jumanne anapoteza masomo na afya kwa pamoja. Bwelasuti nalo libaki gerejini, lisikumbatiwe na mtoto mchanga.

Kwa wenye magari neno langu ni fupi. Gari hupigwa sevisi kabla halijafa, na siku ya sevisi hujulikana mapema. Mkipunguza hesabu ya dereva kwa siku hiyo moja mtapata chombo kitakachodumu, na fundi atakifanyia kazi mchana, akiona anachokigusa, jambo ambalo kwa breki za mteremko ule wa kushukia Ziwa Nyasa si dogo. Msimlipe kwa ahadi. Mlipeni siku hiyo hiyo, nanyi mafundi wa Masukulu na wa Tukuyu, mkishalipwa, fungeni mlango mwende nyumbani.