Hata Yoda alikosea

Mitihani imeisha, bumu nalo limeisha, kwa hiyo wikiendi tulijifungia hosteli na kompyuta ya rumu meti wangu tukirudia Star Wars. Wenzangu walikuwa wanashangilia mapigano. Mimi na saikolojia yangu nikakwama kwa Anakin, yule kijana anayekuja kuwa Darth Vader.

Kwenye filamu ya 2002, mama yake anafia mikononi mwake. Anaua kijiji kizima cha waliomteka, hadi watoto, halafu anajilaumu kwamba hakuwa na nguvu za kumwokoa. Wanamzika mama, taarifa inaingia, safari! Kwenye ile ya 2005 anaanza kuota mke wake naye anakufa. Anamwendea mwalimu Yoda, anaambiwa ajizoeze kuachilia kila anachoogopa kukipoteza. Basi.

Mwaka 2011 madaktari wa akili wa Ufaransa waliandika kwenye jarida kwamba Anakin ana dalili za tatizo la haiba. Sibishani na madaktari, ila mimi namrudia mzee Freud. Mwaka 1917 alitenganisha majonzi ya msiba na sonona. Mwenye msiba anaomboleza, na taratibu anamwachia aliyeondoka. Mwenye sonona hawezi kumwachia: anambeba ndani, na hasira aliyokuwa nayo juu yake inamgeukia mwenyewe. Ni kweli hasira ya Anakin inatoka nje pia, tena kwa upanga, hapo Freud peke yake hatoshi. Lakini jamani, nani alikaa matanga na huyu mtoto?

Hili linanihusu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, kijana mmoja wa kidato cha pili alifiwa na mama yake. Wiki iliyofuata alirudi darasani, kimya, mara anapigana na wenzake. Nikamwita pembeni nikamwambia, "Jikaze, wewe mwanaume."

"Sawa, mwalimu."

Hakuniongelesha tena mpaka naondoka. Nilidhani nimemshauri, kumbe nilikuwa Yoda.

Walimu watarajiwa wenzangu, mtoto aliyefiwa akianza ukorofi, tusikimbilie fimbo wala mawaidha. Tumuulize mama yake alikuwa mtu wa namna gani, kisha tunyamaze tumsikilize. Akilia, mwache alie.

Nawasilisha.